Newala Mpaka Baharini: Twende Ufukwe Upi?

SOMOE: Karibuni tena kipindini. Leo shemeji yangu Hamisi kaja na mzigo wa watu. Haya shem, utue.

HAMISI: Kikoba chetu cha Newala. Hela za korosho zimeingia, wanataka kwenda kuoga bahari, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kosta imeshatolewa advansi. Mimi nimeambiwa nichague ufukwe, na nimeshachagua: Msimbati.

SOMOE: Kwa nini Msimbati?

HAMISI: Nimeona picha. Mchanga mweupe, minazi, maji mpaka unataka kuyanywa.

SOMOE: Picha ilipigwa saa ngapi?

HAMISI: Sasa saa inahusu nini?

SOMOE: Heee! Nyie watu wa juu huko mnachagua ufukwe kama mnachagua kitenge. Sisi tuliokulia Mikindani tunaanza na mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, hilo ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Na pwani hii siku za bamvua maji yanakupwa saa nne asubuhi hivi, yanajaa saa kumi jioni. Nyie mkitoka Newala alfajiri, mnaingia Mtwara saa ngapi?

HAMISI: Saa nne, saa tano, tukijaliwa.

SOMOE: Haya. Nenda Shangani, ufukwe wa hapa Mtwara mjini, muda huo siku ya bamvua. Utawakuta kina mama na vijiti vyao wanachokoa pweza kwenye mawe, mahali ambapo jioni mtu mzima hapati kusimama. Wewe na taulo lako begani unatembea tu: mawe, majani ya bahari, vidimbwi, na vile vidude vyeusi vya miiba. Ukikanyaga kimoja, shughuli yako ya siku ni kutafutiwa papai bichi upakwe utomvu.

HAMISI: Na wenzangu wengine hawajawahi hata kuiona bahari.

SOMOE: Ndiyo ujue. Ila mwezi ukifika siku ya saba, ya nane, au kwenye ishirini na mbili hivi, ni maji mafu. Hayapandi sana, hayashuki sana, na yanajaa kwenye saa nne ileile mnayofika. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo hata siku moja mbili mbele bado mnapata maji ya mchana.

HAMISI: Tarehe waliyopanga ni mwezi mpevu, shem.

SOMOE: Basi hapo Msimbati yako inapona, ila si kwa ajili ya picha. Ukienda mpaka Ruvula, kulekule Msimbati ila mbele zaidi, kina kipo karibu na ufuo. Maji yakikupwa huhangaiki kuyafuata mbali. Lakini kwa watu wasiojua kuogelea hilohilo ndilo la kuogopa: hatua chache tu, maji shingoni. Mtoto wa mtu haachiwi pale hata dakika.

HAMISI: Tutawafunga kamba.

SOMOE: Wafunge. Na lingine, barabara. Kutoka kwenu mpaka Mtwara mjini ni kilomita 140 hivi. Lami ya uhakika mnaikuta Mnivata, kilomita 50 kabla ya mjini. Halafu Msimbati ni kama 45 tena, mnapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, na mbele ya kijiji ni mchanga mtupu. Kosta ikizama pale, mnasukuma mpaka magharibi.

HAMISI: Ikizama tunateremka, tunamalizia kwa miguu.

SOMOE: Na ndoo za pilau kichwani? Halafu kule ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kuna kiingilio. Kila mtu abebe kitambulisho, msije mkabishana getini. Mimi Msimbati ni ya kulala. Nenda Julai mpaka Novemba, ukiwa na bahati unawaona nyangumi wanapita. Kwa kwenda na kurudi toka Newala, saa zenu zote mnaziacha kwenye viti vya Kosta.

HAMISI: Wewe ungetupeleka wapi?

SOMOE: Msangamkuu. Gari mnaiacha mjini, mnapanda kivuko, ng'ambo hiyo hapo.

HAMISI: Bibi zangu kwenye kivuko? Kuna mmoja hata daraja la Ruvuma anafumba macho.

SOMOE: Atafumba na hapo, ni mwendo mfupi. Mchanga mzuri, samaki wa kukaanga wapo, na hata siku ya bamvua kwenye saa nane maji yanakuwa yanarudi. Mnaoga, mnavuka, mnaondoka.

HAMISI: Na Mikindani kwenu je?

SOMOE: Mikindani ni ya macho, si ya kuoga. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, habari za Livingstone aliyeondokea pale mwaka 1866, chai, basi. Maji yakikupwa ni tope na mikoko. Napapenda, ila siogi.

HAMISI: Kuna wasikilizaji wa Masasi wameuliza pia.

SOMOE: Wa Masasi wasijisumbue. Wakifika njia panda ya Mnazi Mmoja wakate kwenda Lindi, ni karibu kuliko kuja Mtwara. Isipokuwa wakati wa masika: Mto Lukuledi unamwaga kwenye ghuba hiyohiyo ya Lindi, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa.

HAMISI: Bado kuna la vinywaji. Dodoma wana mvinyo wao wa zabibu, sisi tuna uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho, na wazee wamesema dumu linakuja.

SOMOE: Dumu la lita 20, kwenye Kosta, juani? Uraka hautulii, shem. Unaendelea kuchachuka humohumo, dumu linavimba tumbo, kifuniko kinaanza kulia tsss, mkifika Nanyamba gari zima linanuka. Legezeni kifuniko, lisijazwe mpaka juu. Na anayetaka kuoga aoge kwanza, anywe baadaye. Aliyelewa na bahari havikai pamoja.

HAMISI: Basi tuhamishe tarehe, tusubiri maji mafu, twende Msangamkuu.

SOMOE: Hapo sawa.

HAMISI: Ila mwenyekiti wa kikoba ni mama mkwe wangu, na tarehe alipanga yeye. Mpigie wewe, shem.

SOMOE: Nimpigie mimi? Tangazo kidogo, wasikilizaji, tunarudi.