Washington Ipi Unayoisema?

ZUHURA: Haya, karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, niko na kaka yangu Baraka, ambaye ameingia studio na ubishi wake kama kawaida.

BARAKA: Ubishi uko wapi, dada? Nimesema tu, mtu akikwambia mwanawe yuko Washington, usikimbilie kumuuliza kama anapita nje ya White House.

ZUHURA: Kwa nini?

BARAKA: Huenda yuko Seattle! Kuna jiji la Washington, mashariki, lenye Ikulu na Bunge. Halafu kuna jimbo la Washington, lenye Seattle, magharibi kabisa, kwenye Bahari ya Pasifiki. Kutoka jiji hilo hadi Seattle ni zaidi ya kilomita 3,500.

ZUHURA: Na yote ni ya George Washington?

BARAKA: Huyo huyo. Jiji lilipewa jina lake mwaka 1791, yeye mwenyewe akiwa rais. Ila la jimbo ndilo linanichekesha. Wakazi wa kule waliomba eneo lao liitwe Columbia. Mwaka 1853 Bunge likasema hapana, tayari tuna District of Columbia, ile wilaya lilipo jiji la Washington, watu watachanganya. Badala yake likawapa jina la Washington.

ZUHURA: (anacheka) Wameruka mkojo... sitamalizia, watoto wanasikiliza.

BARAKA: Usimalizie. Sasa matumizi. Mkazi wa lile jiji ni nadra akwambie "naishi Washington". Atasema DC, kifupi cha District of Columbia, basi. Neno Washington utalisikia kwa waandishi wa habari na wanasiasa. Lakini nenda Seattle: wao Washington ni kwao, na mji mkuu wa nchi ndio wanauita DC.

ZUHURA: Mbona shangazi yangu wa Silver Spring anasema yuko Washington?

BARAKA: Silver Spring iko Maryland, jimbo jirani, dada.

ZUHURA: Usimharibie shangazi. Ukiwa Dar, nani anaijua Silver Spring?

BARAKA: Ni kweli, na wengi wanasema hivyo. Lakini wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanasema DMV: D ya District, M ya Maryland, V ya Virginia. Tatizo, sehemu nyingine za Marekani DMV ni ofisi ya leseni na usajili wa magari. Kijana akienda California akasema "natokea DMV", watampa pole ya foleni.

ZUHURA: Na Virginia imeingiaje?

BARAKA: Iko ng'ambo ya mto Potomac tu. Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, iko huko. Uwanja wa ndege wa Reagan, ambao tiketi yako inasema Washington, uko huko pia. Zamani wilaya yenyewe ilivuka mto, ila mwaka 1846 Bunge liliamua Virginia irudishiwe kipande chake.

ZUHURA: Tuambie na ile ya anwani.

BARAKA: Ah, hiyo imewatesa wageni! Jiji limegawanywa pande nne kuanzia jengo la Bunge, na majina ya barabara yanajirudia. Njia panda ya barabara ya 4 na barabara ya D iko kaskazini-magharibi, iko tena kusini-mashariki, na kadhalika. Mwisho wa anwani kuna herufi mbili, NW, NE, SW au SE. Ukiziacha, dereva anakushusha upande mwingine wa mji na nauli unalipa.

ZUHURA: Mimi linaloniudhi ni la kwenye taarifa ya habari. "Washington imeonya." "Washington imekanusha." Anayeonya ni nani hasa?

BARAKA: Serikali kuu. Wenye mji hawamo kabisa. Sensa ya 2020 iliwahesabu karibu 690,000, wengi kuliko jimbo zima la Wyoming. Lakini hawana seneta hata mmoja, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi hapigi kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Hata kura ya rais walianza kuipiga mwaka 1964.

ZUHURA: Na kodi?

BARAKA: Wanalipa kama kawaida. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 namba za magari yao nyingi zina maneno ya kulalamika kwamba wanatozwa kodi bila uwakilishi. Yako pale chini ya namba, yakizunguka mjini mbele ya wabunge wenyewe.

ZUHURA: Hapo nimewapenda. Wanataka nini sasa?

BARAKA: Wawe jimbo. Mwaka 2016 walipiga kura, wengi mno wakakubali. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada mwaka 2020, likapitisha tena 2021, Seneti haikuupitisha. Na jina walishachagua: Washington, Douglass Commonwealth, kumuenzi Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akaishi mjini humo, Anacostia. Herufi zinabaki DC.

ZUHURA: Ngoja kwanza, Baraka. Wakifanikiwa, Marekani itakuwa na majimbo mawili yanayoitwa Washington?

BARAKA: Mawili.

ZUHURA: Na lile la kwanza walilinyima jina la Columbia ili watu wasichanganye?

BARAKA: Ndiyo hivyo, dada.

ZUHURA: Tuchukue mapumziko mafupi.