Daftari la shule la Mjerumani: achana na jina, soma mistari

(Mhadhara kwa wapenzi wa nyaraka za zamani, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Asanteni, kaeni jamani, viti vipo huku mbele, msigombanie mlango. Nitaenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo wengine mmeshanisikia nikililalamikia mpaka mmechoka, na leo mtalisikia tena. Mtu akipata daftari la zamani la shule la Kijerumani, kwenye soko la vitu vikuukuu au kwenye dari la nyumba aliyopanga, anafanya nini? Anafungua ukurasa wa kwanza, anapiga picha jina la mtoto, anaingia mtandaoni kutafuta ukoo. Basi. Ameshapotea. Jina ndo kitu cha mwisho. Yule mtoto alichagua nini kwenye daftari lake? Labda doa la wino, labda kale kafarasi alikochora pembeni mwalimu akiwa amegeuka. Mistari hakuichagua, karatasi hakuichagua, mwandiko wenyewe alilazimishwa, duka kachagua mama. Hivyo vyote ambavyo mtoto hakuchagua ndo vitakwambia daftari limetoka wapi na lini, kwa sababu hakuna aliyekaa akafikiria kudanganya kwa kutumia upana wa mistari.

Najua kuna mtu hapo anasema mwalimu we unazidisha, mwandiko unatosha, wataalamu wa mwandiko wapo. Haya. Mwaka 1983, mwezi wa nne, gazeti la Stern la Hamburg likaita waandishi wa dunia nzima likatangaza limepata shajara za Hitler, madaftari kama 60 hivi. Pesa iliyotoka ilikuwa zaidi ya mark milioni 9. Wataalamu wa mwandiko waliitwa, wakalinganisha, wakasema ndiyo, huu ni mkono wake. Mwanahistoria mkubwa wa Uingereza, Hugh Trevor-Roper, naye mwanzoni akakubali. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa huwa nacheka peke yangu: baadhi ya zile sampuli za mwandiko walizotumia kulinganisha zilikuwa zimeandikwa na mtu huyohuyo aliyeghushi shajara, Konrad Kujau, muuza vitu vya zama za Nazi huko Stuttgart! Yaani wamechukua mwandiko wa Kujau wakaulinganisha na mwandiko wa Kujau, wakakuta unafanana, wakafurahi.

Na yale madaftari yenyewe? Madaftari ya kawaida ya dukani, aliyanunua Berlin ya Mashariki. Akayamwagia chai yaonekane yamezeeka, akayapigapiga. Juu ya jalada akabandika herufi mbili za mtindo wa zamani, za plastiki, alitaka AH, yaani Adolf Hitler, akabandika FH. Kwa nini? Kwa sababu A ya ule mtindo inafanana na F kwa mtu asiyeizoea. Na watu wazima wenye digrii zao wakalishika lile daftari lenye FH juu, hakuna aliyeuliza huyu F ni nani! Walikuwa wanasoma ndani. Wanatafuta siri ndani.

Ilikuja kuwaje? Hifadhi ya nyaraka ya serikali, Bundesarchiv, pamoja na maabara za serikali, wakalichukulia daftari kama kitu. Wakaweka karatasi chini ya taa ya urujuanimno, ile mnayoiona madukani ya kukagulia noti. Karatasi ikang'aa weupe wa bluu. Sababu ni kemikali ya kuifanya karatasi ionekane nyeupe zaidi, na hiyo imeanza kutiwa kwenye karatasi baada ya vita, wakati Hitler kafa 1945. Nyuzi za kwenye mihuri zikakutwa na poliesta. Tarehe 6 Mei 1983 wakatangaza ni za kughushi, hazijamaliza hata wiki mbili tangu zitangazwe. Kujau kafungwa, na mwandishi aliyezileta, Gerd Heidemann, naye kafungwa. Mimi hiki kisa nakisimulia kila mahali na nitaendelea kukisimulia, kwa sababu kila wiki napokea picha ya ukurasa wa ndani wa daftari la mtu, na hakuna hata mmoja anayenitumia picha ya mgongo, pini, na jalada la nyuma. Hakuna!

Sasa tuje kwenye hili daftari nililoleta. Pitisheni taratibu, msilikunje, na we kaka weka chini hiyo chai kwanza. Limeuzwa Leipzig ndani ya boksi la vitabu vya mapishi. Jalada la bluu limepauka, lebo nyeupe ina jina la mtoto ambalo silitaji, ana wajukuu wake huko. Mwaka haupo popote. Muuzaji kaandika kwenye kikaratasi kwamba ni la wakati wa Hitler, maana wauzaji wote wakiona maandishi ya Kijerumani yasiyosomeka wanaandika hivyo.

Shika rula. Kila msitari wa kuandikia hapa umetengenezwa kwa mistari minne, inaacha nafasi tatu: ya juu kwa herufi ndefu, ya katikati, na ya chini kwa mikia. Pimeni. Zote tatu sawa. Hapo ndo daftari limeshaongea. Mwandiko wa kale wa Kijerumani, Kurrent, ulilala upande na nafasi ya katikati ilikuwa nyembamba, juu na chini ni mara mbili yake, na kalamu ya nibu kali ikatoa mchoro mnene na mwembamba, mateso matupu kwa mtoto wa miaka sita. Ndo wizara ya elimu ya Prussia, sehemu kubwa kuliko zote ya Ujerumani ya wakati ule, ikamwagiza msanii wa Berlin, Ludwig Sütterlin, mwaka 1911 atunge mwandiko rahisi: herufi zisimame wima, zijae, mchoro wa kalamu uwe unene mmoja, na zile nafasi tatu ziwe sawa. Shule za Prussia zikaanza kuufundisha kuanzia 1915. Kwa hiyo hii mistari ni ya Sütterlin. Mwaka 1905 haiwezekani. Na mwisho wake nao unajulikana, 1941, Januari inatoka amri ya chama cha Nazi dhidi ya herufi za zamani, eti ni za Kiyahudi, upuuzi mtupu, na kuanzia Septemba mwaka huohuo mashuleni ikafundishwa hii ya kilatini tunayoandika sisi. Yaani daftari la mtoto mdogo lenye mwandiko usiosomeka lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kabla ya 1941, na muuzaji angekuwa na akili angejua kwamba ni utawala wa Hitler wenyewe ndo uliufuta huo mwandiko.

Kwa hiyo 1915 hadi 1941. Bado pana sana. Tazameni kurasa za katikati, mtoto kaanza imla, juu kaandika siku na tarehe: Ijumaa, tarehe 14 Septemba. Mwaka kauacha kama watoto wote. Lakini asante kwa huyo mwalimu aliyelazimisha siku ya wiki iandikwe! Tarehe 14 Septemba ilikuwa Ijumaa mwaka 1917, 1923, 1928 na 1934. Imebaki miaka minne tu, na wala hatujasoma hata neno moja la hiyo imla.

Geuza jalada la nyuma. Kona ya chini. Ukiinamisha kwenye mwanga utaona penseli. Bei. Kwanza 40, imekatwa. Juu yake 1,200, imekatwa. Pembeni 90,000, hiyo haijakatwa. Ni mwenye duka huyu, kila akifika asubuhi anakata bei anaandika nyingine kwenye daftari lilelile ambalo halijauzwa. Kati ya ile miaka minne ni mmoja tu ambao daftari la shule linaweza kupanda kutoka mark 40 hadi 90,000 likiwa limekaa kwenye rafu, nao ni 1923. Mfumuko wa bei. Mkate Berlin ulianza mwaka kwa mamia ya mark, mpaka Novemba mnazungumzia mabilioni, na tarehe 15 Novemba wakaleta Rentenmark, moja inabadilishwa na trilioni moja ya zile za karatasi. Mimi nimeshika noti nyingi za wakati ule lakini hii penseli inanishinda, maana noti ilitolewa na benki, hii ni mtu mmoja na kifutio chake hakitoshi, anaamua kukata tu.

Sasa atatokea mjanja, huwa hakosekani, aseme: mwalimu, daftari laweza kutengenezwa 1920 likatumika 1923. Hongera, ndo ninachotaka! Daftari lina tarehe tatu: lilipotengenezwa, lilipouzwa, lilipoandikwa. Watu wanazichanganya halafu wanagombana. Bei ya 40 inaonyesha lilishakuwa dukani mapema mwaka ule, au mwisho wa ule uliotangulia. Bei ya 90,000 ndo liliyonunuliwa nayo. Na imla ya Septemba ndo lilipofika mkononi mwa mtoto. Na kipimo chake ni kipana kuliko A5 ya leo, cha zamani kile, ingawa Wajerumani walishatangaza vipimo rasmi vya karatasi vya DIN, ndo hizi A4 na A5, mwaka 1922. Hiyo haishangazi, kiwanda hakitupi karatasi kwa sababu kuna mkutano umekaa Berlin.

Na hapa lazima niseme la Tanga, maana naona nyuso. Kila nikitoa huu mhadhara kwa watu wetu kuna mtu anatamani daftari liwe la Tanga, la shule ya serikali ya Wajerumani. Natamani pia! Shule ile ilikuwa kubwa, hata gazeti la Kiongozi lilichapwa pale. Na wauzaji huku Ulaya wameshajua, wakiandika tu Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, bei inapanda. Sasa kinga yenu ni ileile, achaneni na jina, tafuteni hesabu. Koloni halikutumia mark, lilitumia rupia. Mpaka 1904 rupia moja ni pesa 64, pesa hapa ni jina la sarafu ndogo, baada ya hapo ni heller 100. Mtoto wa Tanga aliyefundishwa hesabu za kununua nazi angezifanya kwa rupia na pesa au heller. Mkikuta daftari la Tanga lenye hesabu za mark na fenigi, senti zake, muulizeni muuzaji kwa upole hiyo Tanga iko mkoa gani. Na kama lina mistari ya Sütterlin, hata msipoteze pumzi, Waingereza walishaingia Tanga 1916, sijui huo mwandiko mpya ungefundishwa na nani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona. Basi yaliyobaki yanakwenda mbio.

Mahali. Ndani ya jalada kuna muhuri wa stesheneri, jina na mtaa, Halle. Halle na Leipzig ni jirani, treni ni muda mfupi tu, lakini wakati ule Halle ni Prussia na Leipzig ni Saxony, jimbo jingine, wizara mbili tofauti za elimu, na ndo maana nasema msiamini mahali lilipouzwa. Miji ya Ujerumani ilichapa vitabu vya anwani: jina la mkuu wa kaya, kazi yake, mtaa, nyumba. Mtoto humkuti, mkuteni baba, au mama kama ni mjane. Duka nalo limo. Ukilinganisha cha mwaka mmoja na cha mwaka mwingine unaona duka lilihamia mtaa huo lini na lilitoka lini. Vingi vimeshawekwa mtandaoni bure, kwa hiyo kisingizio hakuna.

Tahajia: kama mtoto anaandika Thür na Thal kwa h, badala ya Tür na Tal, ni kabla ya kanuni za 1901 kuingia shuleni, au labda alikuwa na mwalimu mzee mkaidi. Hela: Taler na Silbergroschen ni kabla ya mark, miaka ya 1870 kurudi nyuma. Pini za waya zenye kutu, ni miaka ya 1880 kuja huku, na Leipzig yenyewe ndo walikotengeneza hizo mashine za kushonea kwa waya. Msizing'oe! Mtu mmoja aliniletea daftari kazing'oa zote eti kalisafisha, kaniletea karatasi na tundu. Karatasi ya kukaushia wino ikiwemo, isome kwenye kioo, ila kumbuka inahama daftari hadi daftari kwa hiyo usiiamini peke yake. Gundi na ngozi naruka.

Nyaraka: shule nyingi ziliweka kitabu cha matukio kilichoandikwa na mwalimu, kiulizeni kwenye hifadhi ya mji. Berlin kuna maktaba ya historia ya elimu, BBF, waandikieni. Ila mkifika kwenye jina la mtu, Wajerumani wana kinga ya faragha, mara nyingi ni miaka 10 baada ya kifo, au 100 tangu kuzaliwa kama kifo hakijulikani, na kila jimbo lina sheria zake. Huyu wetu ameshavuka hiyo 100, ila jina bado silitaji, sitaki mjukuu wake aamke akute kafarasi ka bibi yake kanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Haya, maswali. Mzee wa kule nyuma aliinua mkono tangu nilipokuwa kwa Kujau, aanze yeye, na daftari likishamfikia lirudi huku mezani.