Tuchore Pamoja Barabara ya Vladimirka kwa Rangi za Mafuta

Karibuni tena, wapenzi wa brashi. Leo tunachora Vladimirka, ile barabara ya Urusi aliyoichora mchoraji wa Kirusi Isaac Levitan mwaka 1892. Picha yake iko Moscow, kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, na ina upana wa sentimita 123. Yetu itakuwa ndogo; kanvasi yoyote uliyonayo inatosha.

Piga mstari wa upeo karibu na katikati. Anga: bluu nzito, kahawia ya udongo, nyeupe nyingi. Paka, sambaza, basi.

Sasa barabara, na hapa naomba tutulie. Rula weka mbali! Njia kuu inaanza pana kabisa huku chini, inakwenda ikisinyaa mpaka inakuwa uzi kule upeoni. Kingo zake buruta kwa brashi kavu, hivi... mnaona zinavyochakaa? Pembeni vuta vijia vyembamba, kila kimoja kikipinda kivyake. Hivi vimekanyagwa na miguu ya watu. Enzi za tsar, yaani mfalme wa Urusi, wafungwa walipelekwa Siberia kwa njia hii, wakitembea na minyororo miguuni, mpaka reli ilipochukua kazi hiyo. Levitan hakuchora mfungwa hata mmoja, aliiachia ardhi itoe ushahidi. Ukinyoosha vijia, umefuta habari yote. Narudia, rula hapana! Hata ile ya kuanzia tu, hapana.

Subirini, wingu limepita na kamera imegeuza kijani yangu ya nyasi za pembeni kuwa bluu. Nasogeza meza dirishani... haya. Hiyo ndiyo rangi yenyewe, kijani iliyofifia. Mimi naipenda hivyo kuliko kijani ya kung'aa, maana anga ni zito.

Kanisa la mbali: ncha ya nyeupe, imekwisha. Kisha yule mwanamke anayekwenda kuhiji, peke yake kando ya njia. Brashi ndogo kabisa, doa jeusi, usimpe sura. Akizidi ukucha wa kidole cha mwisho, mfute, anza upya. Akiwa mkubwa, barabara inapoteza urefu wake, na urefu ndio uliowachosha wale watu.

Mwaka huohuo alioichora picha hii, Levitan mwenyewe alifukuzwa Moscow kwa sababu alikuwa Myahudi, ingawa baadaye aliruhusiwa kurudi. Nikivuta vijia hivi huwa namkumbuka sana.

Iacheni ikauke siku kadhaa, mbali na vumbi. Brashi nilizotumia ninaziuza, niandikieni hapo chini.