Kuseti kabureta za Datsun 240Z

Karibuni gereji tena, Nairobi. Leo ni 240Z, gari lililoshinda Safari Rally 1971, likarudia 1973 na Shekhar Mehta kwenye usukani. Silinda sita, kabureta mbili za Hitachi zinazochanganya hewa na petroli, na mlio ambao sijawahi kuuchoka.

Boneti juu, ea klina, yaani kichujio cha hewa, nje, injini ipate moto wake wa kawaida. Plagi, taimingi (wakati wa plagi kuwasha) na vali ziwe sawa kwanza, la sivyo unatibu homa na malaria bado iko.

Zima. Sasa tunatoa kofia ya kabureta tusafishe pistoni iliyo ndani yake. Vuta wima. Wima! Chini ya pistoni kuna sindano nyembamba sana. Niliwahi kuivuta ikiwa imelala upande, ikapinda nisione, nikahangaika siku mbili na injini inayokohoa. Tazameni mkono wangu: wima mpaka sindano yote itoke. Na kofia ya mbele irudi mbele, ya nyuma irudi nyuma. Kila moja imechongwa pamoja na pistoni yake.

Nati ya chini ya kabureta: pandisha kwa vidole mpaka igote, halafu shusha mizunguko miwili na nusu, kabureta zote mbili. Kushusha kunaongeza mafuta, kupandisha kunapunguza. Washa...

Ngoja, ngoja. Sogeza kamera hapa. Petroli inadondoka kwenye mpira. Zima! Kibano kimelegea. Nakaza... nakausha na kitambaa. Mtungi wa kuzimia moto hukaa hapa mguuni pangu, na wewe uwe nao.

Haya, imewaka. Sawazisha hewa kwanza. Mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Mvumo ulingane kote. Usipolingana, geuza skrubu ya resi. Vipimo vinauzwa, mimi napenda sikio.

Sasa inua pistoni ya kabureta kwa bisibisi nyembamba, milimita moja. Moja tu, ukizidisha jibu ni la uongo. Resi ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, ni haba. Ikipanda kidogo ikarudi, umefika. Geuza nati kidogo kidogo, piga resi, iache itulie, pima tena. Ukimaliza ya nyuma, rudia ya mbele, kwa sababu zinaathiriana.

Na hili nawaomba sana: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ukishuka Mombasa na seti ya hapa, hewa inakuwa nzito, mafuta yanakuwa haba, injini inachemka na vali zinaweza kuungua. Mimi husimama Mtito Andei, nachomoa plagi na kuitazama. Ikiwa nyeupe, nashusha nati kabla sijasonga.

Plagi hii nimeitoa sasa hivi baada ya kuzunguka mjini. Sogeza kamera. Haina masizi, si nyeupe, ni kahawia kama biskuti. Narudisha ea klina.