Jinsi ya Kuunga Kitako cha Mbao Kilichovunjika cha Bunduki ya Urithi

Ndugu mtazamaji, karibu. Kitako unachokiona mezani ni cha bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolala sambamba, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, kwa mbao ya mti wa jozi. Kimevunjika shingoni, yaani pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatuo. Vitako vingi huvunjikia hapo, kwa kuwa mbao ni nyembamba, imechimbwa ndani kupisha vyuma, na mara nyingi nyuzi zake hupita mshazari badala ya kufuata urefu wa shingo.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha bunduki hiyo ni yako kisheria. Leseni ya kumiliki silaha ni ya mtu na hairithiwi pamoja na bunduki. Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya liko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ikiwa leseni bado ina jina la marehemu baba au babu, nenda kituo cha polisi kwanza, kwani kitako kinaweza kusubiri. Aidha, ninachoonyesha leo ni kazi ya mbao tu. Kazi yoyote ya chuma mpelekee fundi wa silaha aliyeidhinishwa.

Sasa fungua bunduki, tazama vyumba vyote viwili vya risasi, kisha ingiza kidole katika kila chumba ili uwe na uhakika kwamba hamna kitu. Risasi zote ziwe chumba kingine cha nyumba, chini ya kufuli. Baada ya hapo toa mitutu na uiweke kando.

Kutoa skrubu kunahitaji subira kuliko watu wanavyodhani. Bisibisi ya kawaida ya dukani hupungua unene kuelekea nchani, hivyo huteleza na kuharibu mfereji wa skrubu, na jeraha hilo halifichiki tena. Chukua tupa, uinoe ncha ya bisibisi mpaka ijae mferejini bila kucheza. Kisha chora umbo la bunduki juu ya kipande cha boksi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro, kwa maana mafundi wa zamani waliisawazisha kila skrubu na tundu lake, na ukizichanganya hazitakaa zilivyokuwa. Kama mtambo ni wa aina iliyobuniwa na Anson na Deeley mwaka 1875, ambao viungo vyake vyote vimo ndani ya kisanduku kimoja cha chuma, utoe mzima mzima bila kuufungua. Kama una mabamba ubavuni, fanya taratibu zaidi, kwa sababu mbao iliyoachwa kuyazunguka ni nyembamba sana.

Tazama sasa uso wa mpasuko. Huku nyuma mbao ni ya kahawia safi, lakini mbele, inapokutana na chuma, ni nyeusi na ukiigusa inaacha unyevunyevu kidoleni. Hayo ni mafuta ya bunduki yaliyotiririka kwa miaka mingi, kwa sababu imekuwa ikisimamishwa mitutu ikiwa juu. Mafuta hayo hulainisha mbao, nayo gundi haishiki juu yake hata iwe nzuri kiasi gani. Chukua unga wa chaki, uchanganye na asetoni uwe uji mzito, upake juu ya sehemu nyeusi na uuache ukauke. Chaki itageuka rangi kwa kuvuta mafuta. Iondoe kwa brashi laini, upake nyingine, na uendelee hivyo mpaka chaki ibaki nyeupe. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara, kwa kuwa mvuke wa asetoni unawaka upesi mno.

Nakusihi usipitishe msasa kwenye uso wa mpasuko. Nyuzi zilizochanika zinaingiana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na ukizisawazisha umepoteza kipimo pekee kinachorudisha kitako kwenye umbo lake. Ukikuta gundi ya kale ya ngozi, ilainishe kwa maji ya uvuguvugu kidogo na uitoe kwa sindano, kisha uache mbao ikauke kabisa. Misumari na waya za watangulizi zitoke zote, kwani hushika kutu na kuzidi kuipasua mbao.

Unganisha vipande bila gundi kwanza. Pitisha ukucha juu ya mpasuko; ukikwama, kuna kijiti au uchafu ndani, na ni lazima ukitafute. Jaribu pia kama chuma kinaingia mahali pake bila kulazimishwa. Upake chuma hicho nta au dawa ya viatu isiyo na rangi ili gundi isikinase, kwa sababu kitakaa humo kama kipimo wakati wa kuunga.

Gundi ninayoichagua ni epoksi ya sehemu mbili, ile inayokauka polepole. Ile ya dakika 5 haifai, kwa kuwa haikupi muda wa kupenya wala nguvu ya kuhimili msukumo wa risasi. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, pasha mbao joto kidogo juani ili gundi ilegee, kisha isukume kwa kijiti mpaka kwenye pembe za mwisho za mpasuko. Funga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uuvute kwa nguvu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpira hubana umbo la mviringo kuliko jiriwa yoyote. Acha saa 24, na zaidi mahali penye baridi.

Gundi peke yake siiamini shingoni. Toboa tundu jembamba kutoka ndani, mahali patakapofunikwa na chuma, likate mpasuko kwa mshazari. Zungushia utepe kwenye kekee kuonyesha kina cha kuishia, kisha ingiza kwa epoksi ufito wa chuma cha pua wa milimita 4 wenye nyuzi za skrubu.

Pengo dogo lijaze kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao hiyohiyo. Usipige msasa kitako kizima: weusi wa mkono wa babu na mikwaruzo ya porini ndiyo urithi wenyewe. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, matone machache, usugue kwa kiganja mpaka upate joto, na urudie kesho yake. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, kwa maana vikirundikwa huweza kujiwasha vyenyewe.

Ukisharudisha vyuma, usipakie risasi. Nyumba ya upimaji wa mitutu ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813, na alama zake chini ya mitutu humweleza fundi wa silaha bunduki ilipimwa kwa risasi gani. Bunduki nyingi za zamani zina vyumba vya milimita 65, ilhali risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Mwache apime vyumba, akague kifyatuo na kizuizi chake, na aamue kama bunduki ipigwe au ihifadhiwe tu. Vilevile, ikiwa vipande vya kichwa cha kitako vimepotea au mbao imeoza kwa mafuta, agiza kitako kipya na uhifadhi hiki.

Ukiihifadhi, futa mafuta yaliyozidi, kisha uisimamishe ndani ya kabati lenye kufuli mitutu ikiwa chini, ili mafuta yatiririke kuelekea kwenye chuma na si kwenye mbao.