Jero Juu ya Sabufa

DAUDI: Tunarekodi? Haya. Karibuni wadau wa magitaa mazito. Mimi Daudi, na huyu anayecheka kabla sijamaliza kusalimia mnamjua.

ZUHURA: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Leo Daudi kaja na masomo matatu ya namna ya kupima wimbo wa metalikoo, yaani muziki wa metali uliochanganywa na hadikoo, ile panki kali. Kayaandika kabisa kwenye daftari, na rula kapiga.

DAUDI: Na leo tunayamaliza yote matatu.

ZUHURA: Tutayamaliza, ila kwanza niwape ya Jumapili, maana yamenikaa kichwani wiki nzima. Wana walikuja nyumbani Magomeni. Utaratibu mnaujua: kila mtu na wimbo wake kwenye simu, tunachomeka kwenye sabufa pale barazani, tunasikiliza mpaka mwisho hakuna kuongea, halafu kila mtu anaandika alama kwenye kikaratasi. Kumi ndiyo mwisho. Sasa mama naye yupo palepale barazani na ungo wake, anapeta mchele wa jioni.

DAUDI: Na kwenye kamati hajaalikwa.

ZUHURA: Kwake mwenyewe aalikwe na nani? Ukaanza wa kwako, "My Last Serenade" ya Killswitch Engage.

DAUDI: 2002, albamu ya Alive or Just Breathing. Huo ndio wimbo ninaompa mtu akiniuliza metalikoo ndiyo nini. Beti Jesse Leach ananguruma, kiitikio kikija anaimba kabisa, sauti imefunguka, halafu bredauni, pale mwendo unapokatwa ghafla, inakuja kukukalisha chini. Ukiuelewa ule, nusu ya bendi zilizokuja baadaye umeshazielewa.

ZUHURA: Basi beti inapiga, mama anapeta. Kiitikio kikaingia, ungo ukasimama. Umesimama hivi, usawa wa kifua, chuya zimekusanyika ukingoni na hazimwagi. Wimbo ukaisha. Akauweka ungo chini, akafungua pindo la khanga, akatoa sarafu ya mia tano, akanyanyuka, akaiweka juu ya sabufa. Akarudi kukaa. Neno hakusema.

DAUDI: Katunza!

ZUHURA: Katunza. Jamani, mama yangu ni mtu wa taarab. Miaka ya tisini, TOT na Muungano wakichuana, Khadija Kopa yuko jukwaani, yeye yuko ukumbini. Kwao wimbo ukikukuna hukai ukaandika namba kwenye karatasi. Unainuka unakwenda kutunza, na ukumbi mzima unakuona umempa nani na umempa kiasi gani.

DAUDI: Na mimi nikaona wimbo wangu wa tangu ujanani umepewa jero. Niseme ukweli, kikaratasi changu nilikuwa nimeshaandika tisa, nikakichana.

ZUHURA: Wote tulichana. Kuanzia hapo ikawa ni hela tu. "Huu ni mia mbili." "Huu jero na wallahi siongezi." Haya, ukaja "The Signal Fire", nao wa Killswitch.

DAUDI: Huo elezea vizuri, maana kuna wageni wanatusikiliza.

ZUHURA: Ni hivi. Jesse Leach aliondoka kwenye bendi mwaka uleule wa 2002, akaingia Howard Jones, wakatoa The End of Heartache 2004. Howard naye akaja kuondoka, Jesse akarudi 2012. Mashabiki tumegombana miaka yote hiyo, Jesse au Howard, Jesse au Howard. 2019 wakatoa "The Signal Fire", na ndani yake wapo wote wawili. Mama hayo yote hayajui. Kasikiliza, kasema, "Hawa wanapokezana, hakuna anayemkanyaga mwenzie." Akaweka buku, elfu nzima.

DAUDI: Noti! Kaibana chini ya ile jero isipeperuke.

ZUHURA: Na bredauni ilipoanza jero ikaanza kutembea. Mnajua magitaa ya huku nyuzi zinalegezwa mpaka chini kabisa, na sabufa yetu ndiyo kazi yake hiyo. Jero inatembea, noti imekwenda nayo, mama kanyoosha mkono kaidaka ukingoni.

DAUDI: Mimi hapo ningependa niingize somo la kwanza, kwa sababu...

ZUHURA: Subiri, Jinjer bado.

DAUDI: Jinjer kuna watu watatupigia simu, watasema siyo metalikoo hasa.

ZUHURA: Wapige. "Pisces", wa Ukraine hao, albamu ya King of Everything, 2016. Tatiana Shmayluk anaanza taratibu, sauti laini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Halafu bila taarifa linatoka ngurumo ambalo hata wanaume wa kazi hiyo wanalitamani. Mama kasikiliza mpaka mwisho, katoa mia, kaweka upande huu. Katoa mia nyingine, kaweka upande ule. Nikamuuliza mbona umegawa? Akanijibu, "Hiyo ya dada, na hiyo ya kaka yake."

DAUDI: (anacheka) Mimi nikamwambia, "Mama, ni mtu mmoja huyo."

ZUHURA: Akakutazama!

DAUDI: Akanitazama, akasema, "Basi kazifanyia kazi zote mbili." Hela hakuziondoa. Pale nilimpenda mama yako upya. Wengine huwa wanasikia mwanamke ananguruma, cha kwanza wanauliza ni kompyuta au ni koo. Yeye kalipa kazi aliyoisikia.

ZUHURA: Wako wa pili je, August Burns Red?

DAUDI: Huo tuuache.

ZUHURA: Hatuuachi. "White Washed", 2009, albamu ya Constellations.

DAUDI: Wale jamaa wa Lancaster, Pennsylvania, hawana kiitikio cha kuimba kwa sauti safi, na hawakihitaji. Kinachoimba pale ni gitaa. Magitaa mawili yanasukana, dramu zinakata katikati, ukisikiliza vizuri kuna wimbo kamili mle hata ukimtoa mwimbaji. Mama yako...

ZUHURA: Mama katoa mia. Kasema, "Hii ya mpiga gitaa. Huyu anayefoka asiiguse."

DAUDI: Mia! Na mimi nasema hiyo siyo haki, lakini angalau kasikia gitaa. Watu wengi wakisikia mayowe, wanakoma hapohapo, gitaa hawalifikii. Unajua mimi nimekulia Manzese. Singeli inapita mapigo mia mbili kwa dakika, watoto wanaicheza barabarani. Kwa hiyo mtaani kwetu pedali mbili za dramu hazikumshtua mtu hata mmoja. Kilichowashinda ni bredauni, pale mwendo unapokatwa. Wananiuliza, mbona wamechoka? Nikawa nawaambia hawajachoka, wanakupa nafasi ya kuruka. Ile imetoka kwenye hadikoo, wanapunguza mwendo kwa ajili ya wachezaji walioko chini ya jukwaa, gitaa na dramu la mguu vinapiga mahali pamoja, na palipobaki wanaacha wazi. Ule uwazi ndio utamu wenyewe.

ZUHURA: Hilo ni somo la ngapi?

DAUDI: Halimo hata kwenye daftari. Haya, somo la kwanza sasa, kwa sababu linaendana na yaliyotokea. Somo la kwanza: ukitaka kupima wimbo, usitaje bendi, usitaje hadithi. Bonyeza, sikiliza, toa alama. Basi.

ZUHURA: Na hapo ndipo tulipogombania Jumapili.

DAUDI: Na hatujapatana.

ZUHURA: Wasikilizaji waamue. Nilicheza "Doomsday" ya Architects. Waingereza, wa Brighton. Mama kasikiliza, jero. Jero nzuri tu. Halafu nikamweleza. Mpiga gitaa wao na mtunzi wao mkuu, Tom Searle, alifariki Agosti 2016, kansa ya ngozi, ana miaka 28. Mpiga dramu wa bendi hiyo, Dan Searle, ni pacha wake. Wimbo ule Tom alikuwa ameshaanza kuutengeneza. Waliobaki wakaumalizia, wakautoa 2017, ndio wa kwanza bila yeye. Mama kakaa kimya. Kaomba turudie. Tukarudia mwanzo mpaka mwisho, na safari hii mchele haukuguswa. Kiitikio, pale mwimbaji wao Sam Carter sauti yake inapanda mpaka inapasuka, mama katoa buku kaweka juu ya ile jero.

DAUDI: Buku la rambirambi.

ZUHURA: Siyo la rambirambi!

DAUDI: Ni la rambirambi, dada Zuu. Wimbo umebadilika nini kati ya mara ya kwanza na ya pili? Gitaa ni lilelile, dramu zilezile, koo lilelile. Kilichobadilika ni kwamba kaambiwa kuna msiba. Ukienda msibani unatoa, ndiyo utu. Lakini ile siyo alama ya wimbo.

ZUHURA: Alichobadilisha ni kusikia. Mara ya kwanza alisikia mtu anapiga kelele kwa ustadi. Mara ya pili alisikia pacha anapiga dramu kwenye wimbo wa pacha mwenzake. Yote mawili yamo mle ndani. Sijaongeza kitu, nimemfungulia mlango.

DAUDI: Nikwambie mimi nilivyozipata nyimbo hizi. Kulikuwa na kibanda mtaani, unalipa, kijana anakujazia memori kadi nyimbo. Zangu nyingi zilikuja hazina jina la bendi, zimeandikwa "Track 05", "Track 09". Mwaka mzima nilisikiliza "Carrion" ya Parkway Drive sijui kama ni ya Australia, sijui kama ni ya albamu ya Horizons ya 2007, sijui lolote. Nilichokuwa nacho ni sauti. Na niliipenda mpaka nikawa naamka nayo. Nani ataniambia nilisikia nusu?

ZUHURA: Sikusema ulisikia nusu.

DAUDI: Umesema mlango ulikuwa umefungwa.

ZUHURA: Kwenye "Doomsday", ndiyo. Sikiliza, kaka. Chukua taarab. Mpasho unapigwa ukumbini, kila mtu anajua anayepigwa ni nani, kakaa meza gani, kavaa nini. Mtoe mtu Mwanza hajui lolote, mkalishe pale. Atasikia kinanda kizuri na sauti nzuri. Lakini wale wanaoinuka kutunza wanatunza kwa sababu wanajua. Utasema wote wale hawajui muziki?

DAUDI: Nitasema wanalipia ugomvi. Na ugomvi ukiisha, ule wimbo miaka ishirini mbele, bado unasikilizwa? Ukisikilizwa, basi ni kwa sababu ya sauti.

ZUHURA: Mama anausikiliza mpaka leo, na bado anakumbuka meza.

DAUDI: Kwa sababu alikuwepo! Mtoto wako atausikiliza hajui meza.

ZUHURA: Nitamwambia.

DAUDI: Ndiyo hilo ninalolikataa. Wimbo mpaka usindikizwe na mtu wa kuuelezea?

ZUHURA: Wewe mbona kila ukimchezea mtu Killswitch unaanza na "hii ni 2002, hii ndiyo iliyofungua njia"? Hiyo siyo hadithi?

DAUDI: Hiyo ni historia ya sauti. Ni nani alianza kuchanganya mayowe na kuimba, nani alifuata. Haina uhusiano na kumhurumia mtu.

ZUHURA: Na mimi simhurumii Dan Searle. Namheshimu. Mtu kakaa nyuma ya dramu, gitaa la ndugu yake halipo, na kapiga vile. Ile ni kazi, kama ya Tatiana. Mama kalipa kazi aliyoijua.

DAUDI: Kazi aliyoambiwa.

ZUHURA: Aliyoijua.

DAUDI: Haya. Kwangu "Doomsday" inabaki jero. Jero kamili, wimbo mzuri, kiitikio kikubwa. Siongezi.

ZUHURA: Kwangu ni buku jero, na hela ziko kwa mama mpaka leo, hajazitumia.

DAUDI: Subiri, naona mkono dirishani. Wanasemaje? Dakika mbili? Wanaorekodi baada yetu wameshafika.

ZUHURA: Na somo la pili?

DAUDI: Somo la pili ni kuhusu kutotoa alama kwenye usikilizaji wa kwanza, ambalo... hapana, hilo halisemeki kwa dakika mbili, linahitaji mifano. La tatu ndilo refu kuliko yote.

ZUHURA: Basi toa wimbo wa wiki ijayo. Wasikilizaji, kila mmoja ausikilize, na atutumie kiasi atakachotunza. Kuanzia hamsini mpaka msimbazi, elfu kumi.

DAUDI: Mtu atatoa msimbazi kwa wimbo mmoja?

ZUHURA: Mimi nipo tayari. Na ninauchagua mimi, zamu ni yangu. "Gone with the Wind", Architects tena, albamu ya 2016.

DAUDI: Sawa. Ila tukubaliane, hutawaambia chochote. Wausikilize wenyewe kwanza.

ZUHURA: Nitawaambia kimoja tu.

DAUDI: Zuhura.

ZUHURA: Albamu ile ilitoka Mei, mwaka uleule, Tom bado yu hai, na maneno ya wimbo ule aliyaandika yeye, kuhusu...

DAUDI: Zima. Fundi, zima hiyo maiki yake.

ZUHURA: ...kuhusu ugonjwa wake mwe...