Kiungo wa Arbroath anayezoa taka: mpira wa Uskoti usiooneshwa kwenye runinga

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Niko Dundee, Uskoti, na kama mnasikia mlio kama wa mluzi nyuma yangu, hiyo siyo simu yenu, ni upepo kwenye dirisha. Leo naomba tuongee mpira.

Kila wiki kuna mtu ananitumia klipu ya mdogo wake. Dogo kiungo, anapiga pasi, anakokota, anamlaza mtu chini kwenye uwanja wa vumbi, na kwa kweli wengine wanajua. Chini ya klipu kuna ujumbe: "Kaka, mtafutie huko hata timu ndogo tu. Hata daraja la tatu." Hayo maneno "hata timu ndogo tu" ndiyo yamenifanya niwashe kamera. Mnaamini timu ndogo ya Ulaya ni ile kubwa iliyopunguzwa mshahara. Sivyo kabisa. Na wa kuwaonesha hilo vizuri ni bwana mmoja anaitwa Bobby Linn.

Humjui, najua. Hata hapa Uskoti, ukitoka nje ya pwani hii ya mashariki, wengi wanamkumbuka kama "yule mchezaji mzoa taka." Ni mzaliwa wa hapa hapa Dundee, 1985. Kiungo wa pembeni, nyumbani tungemwita winga, mtu wa kumfuata beki uso kwa uso. Soka lake la kikubwa lilianzia klabu ya Dundee, na huo ulikuwa wakati wa maajabu. Dundee, timu ya mji wa kawaida tu, ilikuwa imejiingiza kwenye kusajili mastaa waliokwisha tamba: Claudio Caniggia wa Argentina alipita hapa, na 2003 akaletwa Fabrizio Ravanelli, yule Mwitaliano mwenye mvi. Novemba ya mwaka huo huo klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, na wachezaji kibao wakaachishwa kwa mkupuo. Mwaka 2005 timu ikashuka daraja. Sasa fikiria wewe ni kijana wa akademi, ndoto yako iko ndani ya nyumba hiyo inayobomoka.

Linn akaenda chini. Peterhead, kule juu kaskazini kwenye bandari ya samaki. East Fife, mji wa Methil. Mwaka 2013 akatua Arbroath, klabu ya mji wa jirani hapa pwani, na hapo ndipo maisha yake ya mpira yalipokaa.

Subirini kidogo niwapangie ramani, maana bila hii hamtanielewa. Ligi ya Uskoti ina timu 42. Juu kabisa Premiership, timu 12, ndiko waliko Celtic na Rangers mnaowajua. Chini yake madaraja matatu ya timu kumi kumi: Championship, League One, League Two. Chini zaidi kuna Highland League na Lowland League, na ukifanya vibaya ukawa wa mwisho League Two, unacheza mchujo usitupwe huko. Premiership watu wameajiriwa kucheza mpira tu. Championship wengi nao wameajiriwa. Ukishuka League One na League Two, sehemu kubwa ya wachezaji ni wa muda. Mchana ni fundi bomba, mwalimu, fundi umeme, dereva, karani wa benki. Jumanne na Alhamisi usiku ni mazoezi, Jumamosi saa tisa alasiri ni mechi. Klabu inamlipa kwa wiki, na ikishinda kuna bonasi, lakini kodi ya nyumba haitoki hapo.

Na umbali, jamani! Peterhead iko pua ya kaskazini mashariki. Stranraer iko kusini magharibi, karibu na meli za kuvukia Ireland. Kati yao ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, na zikiwa daraja moja, timu moja inaamka alfajiri ya Jumamosi, inakaa kwenye basi nusu siku, inacheza dakika 90 kwenye matope, inarudi usiku. Jumatatu asubuhi watu wako kazini.

Kazi ya Linn ilikuwa kuzoa taka. Nataka mlione hili vizuri, kwa sababu nyumbani mtu akisikia "mzoa taka" anacheka, halafu basi. Mtaani kwangu gari la taka linapita asubuhi bado kuna giza. Majira ya baridi huku jua linachelewa mpaka karibu saa tatu. Wale jamaa wanatembea nyuma ya gari, hawapandi; kila mmoja ananyakua mapipa mawili yenye matairi, moja mkono huu moja mkono ule, anayavuta kwenye barafu, anayapachika kwenye mkono wa mashine, linanyanyuliwa, linatikiswa, linashushwa, anayarudisha getini, anafuata mengine. Mtaa mzima hivyo, kisha mtaa mwingine. Mimi mwenyewe kuteremka ngazi tu kwenye barafu ile nashika ukuta. Sasa mtu amefanya hivyo wiki nzima, Jumamosi anaambiwa mkimbize beki wa miaka 21 anayelala mpaka saa nne.

Na alimkimbiza. Arbroath alipofika Linn ilikuwa inaelekea kuzama: msimu wa 2013–14 waliburuza mkia wa League One wakashuka mpaka League Two. Mwaka 2016 akaja kocha mmoja mzee, Dick Campbell, kofia bapa kichwani, mdomo hauna breki, msaidizi wake ni pacha wake Ian. 2016–17 wakabeba ubingwa wa League Two. 2018–19 wakabeba League One, na msimu huo wachezaji wenzake walimpigia kura Linn kuwa mchezaji bora wa daraja. Alikuwa na miaka 33. Wachezaji wenzake, wale wale waliokuwa wakimkaba, sikilizeni hapo, siyo kura za mashabiki mtandaoni.

Kwa nini hakwenda juu? Swali la haki. Kipaji hiki cha kumpita mtu wakati wowote huwa kinatafutwa. Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunibishia: mchezaji wa madaraja ya chini akipewa mkataba wa kucheza tu, mara nyingi ni wa mwaka mmoja, miwili. Mei ukifika unaisha, na kama goti limeuma hakuna anayekupigia simu. Kazi ya kuzoa taka haiishi Mei. Mwenye familia akipiga hesabu, ajira ya mchana pamoja na posho ya mpira inaweza kumpa usingizi kuliko mkataba mmoja mzuri wa miezi kumi. Nyumbani tumezoea kusema mpira unamlisha mtu. Huku chini ni kazi ndiyo inaulisha mpira.

Nendeni Gayfield, uwanja wa Arbroath, mkaone. Kutoka Dundee ni treni fupi inayofuata bahari, na ukishuka Arbroath unanusa moshi kabla hujaona uwanja, maana mji huu ni wa samaki wa kufukizwa, wanaitwa smokies, wanafungwa mkia kwa mkia wawili wawili na kutundikwa juu ya moto wa magogo. Uwanja wenyewe uko ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, unaotenganisha ni ukuta. Bahari ikichafuka maji yanaruka ukuta yanakuja kwa watazamaji. Goli kiki inapigwa juu, inasimama hewani, inarudi kwa kipa wake. Nimeliona kwa macho yangu, na wazee waliokuwa pembeni yangu hawakushtuka hata kidogo, waliendelea kula pai zao za nyama ya kondoo na kunywa Bovril, ule mchuzi wa ng'ombe unaouzwa kwenye kikombe kama chai. Kipindi cha pili mashabiki wanahama kwa miguu kwenda nyuma ya goli lingine, wawe upande timu yao inakoshambulia. Winga anayeujua upepo ule anajua lini aburuze mpira chini na lini aupandishe uingie wenyewe. Hilo halifundishwi akademi.

Ah, na kabla sijasahau: hii ndiyo klabu iliyomfunga Bon Accord 36 kwa 0 kwenye Kombe la Uskoti, tarehe 12 Septemba 1885. Kijana John Petrie alifunga 13 peke yake. Na siku hiyo hiyo, hapa Dundee, timu inaitwa Dundee Harp ikashinda 35 kwa 0. Walikosa rekodi kwa goli moja! Haya, tuendelee.

Msimu ninaoupenda ni 2021–22. Arbroath wako Championship, na ndio klabu pekee ya wachezaji wa muda humo. Wengine wote wanafanya mazoezi asubuhi kama kazi. Hawa wanafika jioni, viatu vya mpira kwenye buti la gari. Na wakaongoza ligi. Kwa miezi! Mfungaji bora wa daraja zima akawa kiungo wao, Michael McKenna, magoli 15. Huyu naye siyo zao la akademi ya kifahari. Alipita Musselburgh kwenye soka la mitaani la huku, kisha Berwick Rangers, ndipo akaja Arbroath. Linn yumo kikosini, miaka 36.

Tarehe 22 Aprili 2022, Ijumaa usiku, wakaenda kwa Kilmarnock, wapinzani wao wa ubingwa. Arbroath wakatangulia kufunga. Kilmarnock wakasawazisha, na dakika za mwisho kabisa Blair Alston akaweka la pili. Ubingwa ukaenda Kilmarnock. Msimamo wa mwisho, pointi 67 kwa 65. Wakaingia mchujo wa kupanda Premiership, wakakutana na Inverness, sare tasa ugenini, sare tasa nyumbani, penalti zikawatoa. Watu wa Arbroath ukiwatajia usiku ule wa Kilmarnock mpaka leo wanashika kichwa. Mimi naona ilikuwa ajabu kubwa kuliko hadithi nyingi za ubingwa tunazolishwa, lakini mshindi wa pili hatengenezewi filamu.

Baadaye mambo yakageuka. Campbell aliondoka Novemba 2023, msimu ule wakashuka. Wakachukua timu wachezaji wao wawili, beki Colin Hamilton na kiungo David Gold, na 2024–25 wakabeba tena League One.

Sasa turudi kwa dogo wako na klipu yake. Tatizo la kwanza siyo kipaji. Mchezaji wa kutoka kwetu akitaka kusajiliwa Uskoti anahitaji kibali cha shirikisho la mpira la huku kabla hata ya viza, na kibali kinapimwa kwa pointi: umeichezea mechi ngapi timu ya taifa, ligi uliyotoka ina hadhi gani, klabu yako imefika wapi kimataifa. Uwanja wa vumbi hauna pointi humo. Tatizo la pili, hata akipewa, timu ndogo inategemea mchezaji awe tayari na ajira yake mjini, na nyumba, na gari la kwenda mazoezini. Dogo hana hata kimoja.

Mtanitajia Wanyama. Sawa, Victor Wanyama alicheza hapa Celtic, aliwafunga Barcelona Novemba 2012, na 2013 akauzwa Southampton kwa pauni milioni 12.5. Lakini Wanyama alifika Celtic 2011 akitokea klabu ya Ubelgiji, tayari ni wa timu ya taifa ya Kenya. Hakupitia Methil.

Kwa hiyo nikikujibu "hapana" kwenye WhatsApp usinune. Kama dogo yuko Championship ya nyumbani, mwache apiganie kupanda Ligi Kuu kwanza, acheze, aitwe Taifa Stars. Hapo karatasi zake zitaanza kusomeka.

Jumamosi nakwenda Gayfield na kamera mpya. Wanaotaka nirekodi kitu maalumu, pai, ukuta wa bahari, chochote, andikeni chini kabla ya Ijumaa. Sauti siahidi.